Pini Zilizovunjika Begani

Jumatatu, Mei 4

Kurasa za mbele za daftari hili ni za kazi: bunduki ya nani, ina ugonjwa gani, imetoka lini. Za nyuma nimeamua ziwe zangu. Mume wangu anasema mwanamke anayezungumza na jiliwa, kibanio cha chuma, mchana kutwa afadhali aandike, majirani wasije wakaanza kumpa pole. Yeye ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi na changu vinatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo hakuna ninachokisema kisimfikie.

Leo katibu wa ushirika wa wakulima kaleta bunduki yao. Wanayo hiyo moja tu, ya bolti, ya kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

"Inasema ta, halafu inanyamaza," aliniambia.

Nimeifungua. Pini imekatika. Pini ni kijiti cha chuma ndani ya bolti, lile komeo la kufungua na kufunga bunduki. Ukivuta triga, springi inakirusha mbele kikagonge kitako cha risasi. Bila pini, bunduki ni rungu lenye tundu. Hii imekatika begani, pale wembamba unapokutana na unene. Chuma huchoka kama watu. Nimechonga nyingine, nimeitia moto, nimeizimisha kwenye mafuta, nimeirudisha kwenye joto la kiasi ili isiwe ngumu kama kioo. Iliyovunjika nimeitupia kwenye kopo la misumari.

Jumatano, Mei 6

Mlinzi wa ushirika kaja kuchukua bunduki. Wanamwita Taratibu, na jina limemkaa. Kabla ya kuipokea alikunja kitambaa chake mara nne, akakiweka mezani, akailaza bunduki juu yake, akafungua bolti, akachungulia chemba, akaingiza kidole kuhakikisha haina kitu. Mimi ndiye niliyemkabidhi, tena nilishaikagua mbele yake!

"Kaka, huniamini?" nikamtania.

"Nakuamini, fundi. Sijiamini mimi."

Jumanne, Mei 12

Mvua. Nimesafisha tupa zote. Hakuna mteja.

Jumanne, Mei 19

Pini ya pili imevunjika. Begani vilevile.

Taratibu ndiye aliyeileta, kwa mguu, chini ya mvua, bunduki imefungwa kwenye nailoni na yeye mwenyewe kalowa chepechepe. Alinieleza bila kuongeza wala kupunguza: risasi sita zilikwenda vizuri, ya saba ikasema ta. Nguruwe walikuwa wanne, wakamtazama, wakaendelea kula.

Nilijisikia vibaya. Nilidhani labda nimeikausha mno kwenye moto. Nimechonga ya tatu kwa kipande cha fimbo nzuri ya chuma niliyokuwa naitunza, nimeipima kwa tupa mara tatu, ugumu wake ni sawasawa. Hii haitarudi.

Jumatatu, Mei 25

Mume wangu kashona sare za kwaya kumi na mbili na kumi zimezidi urefu. Tumecheka hadi tukashika mbavu. Kwaya haijacheka.

Jumamosi, Mei 30

Imerudi.

Sijui niandike vipi jambo la leo. Nitaliandika kama lilivyotokea.

Nilikuwa nimekwenda banda la ushirika kuchukua mbegu za bustani. Banda lilijaa watu, siku ya mkutano. Katibu aliponiona alinyanyua bunduki juu kama mtu anayeuza samaki.

"Fundi! Hii ya tatu sasa! Wewe ukituchongea pini unachonga kwa chuma au kwa ugali?"

Watu wakacheka. Siyo kicheko kibaya, kicheko cha watu waliochoka kukaa kwenye viti vigumu. Lakini mimi ni mwanamke pekee katika kazi hii, na nimeipata kwa kusimama nyuma ya marehemu baba yangu miaka kumi na moja nikimshikia taa. Kicheko kile kiliniingia kama maji ya baridi mgongoni. Mdomo ukafunguka kabla ya kichwa.

"Pini zangu ni nzima," nikasema. "Tatizo ni mshikaji. Mtu akiwa anafyatua bunduki tupu, bila risasi, kujifurahisha tu, pini inapiga hewa na inavunjika. Hata uchonge ya almasi."

Jina sikulitaja. Lakini bunduki ile ina mshikaji mmoja tu, na alikuwa amesimama pale karibu na mizani, kofia mkononi.

Taratibu akaniuliza kwa sauti ile ile yake ya kila siku: "Fundi, uliniona lini nikifyatua tupu?"

Nilipaswa kusema sijakuona. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu, pana kama mlango wa banda. Badala yake nikasema, "Chuma hakisemi uongo, kaka."

Katibu alimvua ulinzi palepale, mbele ya watu wote. Bunduki atapewa mwingine. Taratibu atakwenda mpakani mwa shamba kupiga madebe pamoja na wanaofukuza ndege. Alivaa kofia, akatoka.

Nimechonga pini ya nne jioni hii.

Jumanne, Juni 2

Mlinzi mpya ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Wanamwita Komando kwa sababu ya buti zake za kijeshi. Jeshini kwenyewe hajawahi kutia mguu, labda kupita nje ya geti. Alikuja kuchukua bunduki akiimba. Alisimama mlangoni, akaipakata, akasema, "Shemeji, nipige picha kabla nguruwe hawajakimbia nchi."

Nilimwambia asifyatue tupu. Akapiga saluti.

Ijumaa, Juni 5

Nimekutana na mke wa Taratibu dukani. Nilimsalimia. Aliitikia, maana amelelewa vizuri, lakini macho yake yalikuwa kwenye mizani ya sukari. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Ndiye huyo, mume wake alikuwa akichezea bunduki ya watu."

Nikajitia hamnazo. Nilinunua kiberiti ambacho sikukihitaji.

Jumatano, Juni 10

Nimejiambia: kama Taratibu hafyatui tupu, kwa nini pini tatu? Jibu lazima liwe yeye. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumapili, Juni 14

Mume wangu alikuwa akitengeneza cherehani ya jirani ambayo inavunja sindano. Nilimpelekea chai. Alikuwa amezipanga sindano zilizovunjika juu ya kitambaa cheupe, saba, kama maiti wadogo.

"Mwenyewe anasema binti yake ana mkono mbaya," akaniambia. "Anavuta kitambaa. Mimi nikamwambia, mama, mkono mbaya huvunja sindano huku na kule. Hizi zote zimevunjika mahali pamoja. Sindano ikivunjika mahali pamoja, mimi simtazami mshonaji. Natafuta inagonga wapi."

Akageuza cherehani, akanionyesha: kijibati cha chini kimesogea unene wa ukucha.

Nilimwambia chai itapoa. Nikatoka. Nilisimama uani nikishika kamba ya kuanikia nguo, na sikuwa na nguo ya kuanika.

Jumatatu, Juni 15

Leo sikufungua mlango wa wateja.

Nimemwaga kopo la misumari mezani na kuzitoa pini zote tatu. Nimeziweka chini ya lenzi. Zote zimevunjika begani, na zote, kwenye uso wa mbele wa bega, zina pete nyembamba inayong'aa. Kitu kinaligonga bega. Pini nzima haitakiwi kugongwa hapo.

Ninayo hapa bunduki ya aina ileile, ya klabu ya wawindaji, imekuja kubadilishwa kitako cha mbao. Nimeifungua bolti yake. Bega la pini safi, halina alama. Kwenye bunduki nzima, pini inaporuka mbele, kinachoisimamisha ni mkia wake, lile pande la chuma la nyuma ambalo triga hulishika, linalobaki lilelile kila pini inapobadilishwa. Mkia unagota kwenye bolti na kila kitu kinasimama. Bega halifiki popote. Lakini mkia ukiwa mfupi, haugoti kwa wakati. Bega ndilo linalotangulia kugonga ndani ya bolti, kwa nguvu yote ya springi, na shingo nyembamba iliyo mbele yake inataka kuendelea na safari. Mara tano, mara sita. Ya saba inakatika.

Ni nani atafupisha mkia wa pini?

Nikafungua kurasa za mbele za daftari hili. Novemba mwaka jana. Mwandiko wangu: "Bunduki ya ushirika. Wenzo wa usalama mgumu. Nimepunguza mkia kwa tupa, kidogo."

Kidogo. Nakumbuka ile siku. Wenzo wa usalama, ule unaouzuia mkia bunduki isifyatuke, ulikuwa unakwaruza, na njia ya sawa ilikuwa kuutoa wenyewe na kuusugua; kazi ya saa mbili. Nilikuwa na harusi ya kwenda. Nikaushika mkia, nikaupiga tupa mara kumi na tano. Wenzo ukalainika. Nikaenda harusini nikacheza.

Baba yangu angenivua aproni.

Sasa nimekaa hapa na ninajua, na bunduki iko shambani mikononi mwa shemeji yangu ikiwa na pini ya nne. Nimehesabu alizokwisha piga kwa alivyojisifu mwenyewe Jumamosi: nne.

Jumanne, Juni 16

Nilivaa viatu niende shambani kuidai bunduki. Nilifika hadi kwenye njia panda. Nikawaza: nitasema nini? Nikisema ina kasoro, katibu atauliza kasoro ya nani. Nikisema ni ukaguzi wa kawaida, ataniuliza tangu lini. Na Taratibu yuko palepale na debe lake, atanitazama.

Nikapata mawazo mengine, yenye akili, ya kitapeli. Pini itavunjika yenyewe siku mbili tatu hizi. Wataileta. Nitachonga mkia mpya kimyakimya, nitaweka pini ya tano, haitavunjika tena, na mambo yatajifia. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na tupa.

Nikarudi nyumbani. Mume wangu aliuliza mbona viatu vina vumbi. Nikasema nilikwenda kunyoosha miguu.

Jumatano, Juni 17

Nimesubiri mtu alete bunduki. Hakuja mtu.

Alhamisi, Juni 18

Asubuhi, saa mbili kasoro, mtu alipiga kelele barabarani akitaja jina la nyumba yetu. Mume wangu alitoka na sentimita ya kupimia nguo shingoni.

Nguruwe dume alikuwa ndani ya mahindi. Shemeji alimkaribia, hatua kumi na tano wanasema, kwa sababu ndivyo alivyo, na kwa sababu anayo bunduki. Akalenga. Ta. Akavuta bolti, akajaza nyingine. Ta. Dume likaja.

Lilimpasua paja kuanzia juu ya goti. Lilimrudia mara ya pili alipokuwa chini. Aliyelifukuza ni Taratibu. Alikimbia kutoka mpakani, hana chochote ila lile debe alilopewa badala ya bunduki, na akalipiga dume usoni kwa debe hadi debe likakunjika, akiwa anapiga kelele ambayo watu wanasema hawakudhani mtu yule anayo. Dume likageuka likaingia mtoni. Taratibu akavua shati, akalifunga paja, akambeba shemeji mgongoni hadi barabarani.

Nayaandika haya kama nilivyosimuliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye benchi langu nikisubiri ivunjike, na ilivunjika.

Ijumaa, Juni 19

Mume wangu kalala hospitali. Mimi nimesema naumwa kichwa.

Jumapili, Juni 21

Yu hai. Goti halitakunja tena.

Jumanne, Juni 23

Sikuweza kukwepa zaidi. Nilikwenda hospitali na uji kwenye chupa. Wodi ya wanaume ina vitanda kumi na vinane na madirisha mawili. Shemeji yuko karibu na mlango wa bafu. Bila buti zake ni mdogo, sikuwahi kujua kuwa ana miguu midogo.

Mume wangu alipotoka kutafuta nesi, shemeji akanishika mkono.

"Shemeji, nikuambie kitu? Usimwambie kaka."

"Niambie."

"Ni mimi." Machozi yakamtoka yakaingia masikioni. "Uliniambia nisifyatue tupu. Nilikuwa nafyatua. Wasichana wakipita na maji, nalenga juu ya mti, ta, nawachekesha. Hata mara ishirini kwa siku. Nimeivunja mwenyewe pini yako, shemeji. Ningemsikia mtu mzima ningekuwa na mguu. Na Taratibu nilimcheka siku ile bandani. Nilicheka kuliko wote."

Yule mtoto wa watu alikuwa anaungama kosa langu. Alikuwa amelibeba siku tano, kitandani, na mguu wake ule.

Nami nikasema nini? Nikasema, "Pumzika, shemeji. Yamepita." Nikamnywesha uji. Kijiko kwa kijiko. Mume wangu aliporudi akaniangalia kwa upendo mwingi, akasema, "Mungu akubariki."



Alhamisi, Juni 25

Nimemwambia mume wangu. Nilipita upande wake wa ukuta, nikafunga mlango, nikamwekea mezani zile pini tatu na ukurasa wa Novemba. Nikaeleza. Harusi, tupa, bandani, njia panda, uji. Sikuacha kitu.

Alikuwa anashona pindo. Aliendelea kukanyaga pedali mpaka pindo likaisha, akakata uzi kwa meno. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile. Siku tatu kabla."

"Kwa hiyo siku tatu mdogo wangu alitembea na kitu kile, na wewe unanipakulia chakula."

"Ndiyo."

Ningetaka apige kelele. Alikusanya vipande vya kitambaa sakafuni, kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa shati kama mtu asiyejua mifuko ni ya nini.

"Kamwambie," akasema. "Leo bado saa za kuona wagonjwa zipo. Mimi siji. Nikija nitakusaidia kusema, na sitaki kukusaidia."

Nilikwenda. Nilimwambia shemeji kuwa bunduki ya aina ile, ikiwa nzima, ingevumilia upuuzi wake wote wa kuchekesha wasichana. Iliyovunja pini ni tupa yangu. Nilimwambia nilijua. Nilitegemea matusi, nilishayaandalia nafasi.

"Sasa kwa nini juzi uliniacha?" akauliza. "Nilikuwa nalia, shemeji. Ukaniacha nilie."

Mguu hakuutaja.

Jumatatu, Juni 29

Nimeandika barua kwa katibu. Kurasa mbili. Nimeeleza kasoro, nimechora mkia na bega, nimekiri kuwa nilimsingizia Taratibu mbele ya watu bila kuona kwa macho wala kupima kwa kipimo. Nimeomba isomwe bandani, siku ya mkutano.

Katibu aliisoma akiwa amesimama. Akaiweka mezani, akaichukua tena.

"Fundi, hii si lazima isomwe. Tuseme tu chuma kilikuwa kibovu. Mimi ndiye niliyemvua yule bwana mbele ya watu. Wewe ukionekana mjinga, mimi naonekana nini?"

"Isomwe," nikasema.

"Nitaipeleka kwenye kamati," akasema, na nikajua droo inayomaanishwa.

Ijumaa, Julai 3

Nimechonga mkia mpya wa bunduki ya ushirika kutoka mwanzo, kwa vipimo vya ile bunduki ya klabu. Pini mpya. Wenzo wa usalama nimeutoa na kuusugua. Saa mbili na robo. Kisha nimeipeleka kwenye shimo la changarawe nikapiga risasi ishirini na tano mimi mwenyewe. Nilipofungua bolti, bega halikuwa na alama yoyote.

Urahisi wake ndio unaoniua. Saa mbili na robo.

Jumatatu, Julai 6

Taratibu karudishiwa bunduki. Mpiga mbiu wa ushirika kapita na kipaza sauti: "Kwa ushujaa wake, kamati imemsamehe." Watu wamepiga makofi barabarani. Wengine wamekwenda kumpongeza kwa kusamehewa.

Kusamehewa!

Mume wangu alisikia pia, kupitia ukuta. Tangu siku ile tunazungumza mambo ya chumvi na mafuta ya taa tu. Leo akasema kutoka upande wake, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Cherehani ikaendelea.

Alhamisi, Julai 9

Nilikwenda kwa Taratibu mchana. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango, bunduki imelala juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hakusimama, lakini alinisogezea kiti.

Nilimwambia yote. Aliuliza maswali ya kazi: mkia ulipungua kiasi gani, pete kwenye bega ina upana gani. Nilimwonyesha. Aliitazama pini kwenye mwanga kwa jicho moja.

"Ndiyo maana," akasema. "Nililala nikijiuliza nafanya nini vibaya. Niliacha hata kuisafisha nikiwa nimesimama, nikidhani ninaiangusha bila kujua. Wiki tatu nilikuwa najichunga mikono yangu mwenyewe."

"Kaka, nisamehe."

Alifunga bolti. "Mimi, sawa. Mimi nina bunduki sasa, nina kazi, na watu wanasema nimepigana na nguruwe kwa debe. Lakini mke wangu hakupigana na nguruwe. Yeye alikwenda dukani kila siku. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake, fundi. Yuko nyuma, anapukuchua."

Nyuma ya nyumba palikuwa na rundo la mahindi lililofika kiunoni na mkeka mmoja. Mke wa Taratibu hakuinua kichwa. Nilianza kuomba radhi, akaniinulia kiganja.

"Mume wangu amesamehewa kosa gani?"

"Hana kosa. Ni langu."

"Hilo nalijua mimi. Nimelijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu namjua. Nani mwingine analijua?"

"Nimeandika barua..."

"Mimi sikusoma barua. Dukani hakuna aliyesoma barua. Uliposema vile bandani uliandika?"

Nikasema hapana.

"Ulisema kwa mdomo. Basi Jumamosi wanawake wanakuja kunisaidia kupukuchua. Njoo na mdomo wako."

Jumamosi, Julai 11

Nilifika saa tatu. Nilipotoka nyumbani mume wangu alinifuata hadi mlangoni, akanipa kitambaa cha kufunga kichwa, maana vumbi la mahindi linawasha. Ni kipya, kashona jana.

Nilikaa pembeni ya mkeka, nikapewa gunzi la kusugulia. Mwanamke wa kwanza akaingia. Mke wa Taratibu akamkaribisha, akampa nafasi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kama anayepitisha chumvi: "Fundi ana neno."

Nikasema. Nikashindwa kumaliza sehemu ya harusi. Mke wa Taratibu akanisubiri. Nikamaliza.

Wa pili akaingia na mtoto mgongoni. "Fundi ana neno." Nikasema tena, kuanzia tupa.

Wa tatu alikuwa yule aliyenong'ona dukani. Niliposema "nilimsingizia", aliinamisha uso akapukuchua kwa kasi hadi punje zikaruka nje ya mkeka. Wa nne aliniuliza kama sioni haya. Nikasema naona. Wa tano akalia, sijui kwa nini, labda ana yake. Wa sita na wa saba waliingia pamoja, nikadhani nitasema mara moja kwa wote wawili, lakini mmoja alipitia jikoni kwanza, na mke wa Taratibu akanifanya nirudie.

Mchana vidole vyangu vilikuwa vimechubuka. Mikono hii hushika chuma kila siku, na mahindi yameitoa damu. Hakuna aliyenionea huruma na sikutaka. Kazi iliendelea, watu walizungumza habari za mvua, za bei, za goti la Komando ambaye sasa anawafundisha wagonjwa wenzake kupiga saluti wakiwa wamelala. Walicheka. Mimi sikucheka, lakini hakuna aliyenyamaza kwa sababu yangu.

Rundo lilipokaribia kwisha, mlango wa uani ukasukumwa. Aliingia bibi mmoja, mama yake katibu, anatembea kwa fimbo, masikio yake yamekwisha kabisa. Wanawake wakasogea, wakamkalisha katikati. Akauliza kwa sauti kubwa ya viziwi kuna nini, mbona fundi wa bunduki yuko hapa anapukuchua mahindi.

Nilimtazama mke wa Taratibu. Nilikuwa nimesema mara saba. Koo lilikuwa limekauka, na jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili wa nyumba.

Alinisukumia kata ya maji. Akangoja ninywe.

"Tangu mwanzo," akasema. "Na paza sauti."